Leseni ya SIA Uingereza: ya ulinzi, ya baunsa au ya kamera? Linganisha ada na punguzo kabla hujalipa

Watu wengi wakishapata kibali cha kufanya kazi Uingereza, sekyuriti ni kati ya kazi za mwanzo wanazoshauriwa, na swali linalofuata huwa leseni bei gani. Sasa ada ya SIA, hao wanaotoa leseni za ulinzi, ni moja tu hata uchague leseni ipi, ya mlinzi wa getini ni hela ileile na ya bodigadi wa matajiri, kwa hiyo ukilinganisha bei peke yake hutapata jibu lolote. Linganisha hiyo hela inakufungulia kazi ngapi, kozi yake ikoje, na siku ukitaka kuongeza leseni ya pili utalipa nusu au utalipa nzima upya. Hapo ndo watu wanapoteza hela, na ni hela ya mtu anayesimama masaa kumi na mbili kwenye baridi, inaniuma kuiona inapotea hivihivi kwa sababu tu hakuna aliyemwelekeza mapema.

Tuanze na ada yenyewe tuimalize. SIA ni mamlaka ya serikali iliyoundwa kwa sheria ya 2001, Private Security Industry Act, na inajiendesha kwa ada wanazolipa wafanyakazi na makampuni ya ulinzi. Ndo maana ada inabadilika kufuatana na mahesabu yao: kuanzia 2012 ilikuwa pauni 220, 2017 ikawa 210, 2020 ikawa 190, na Aprili 2023 ikashuka hadi 184. Hesabu zote humu nazipiga kwa hiyo 184, ila inayokuhusu we ni ile iliyoandikwa GOV.UK, tovuti ya serikali, siku unayobonyeza kulipa, kwa hiyo fungua kwanza ukurasa wao uone. Leseni inadumu miaka 3. Kwa kima cha chini cha mshahara cha Aprili 2025, pauni 12.21 kwa saa kwa mwenye miaka 21 na kuendelea, hiyo 184 ni kama masaa 15 ya kazi kabla ya makato, shifti moja na kipande. Ukiigawa kwa miezi 36 inakuja kama pauni 5 kwa mwezi, si mzigo mkubwa ukiitazama hivo, tatizo inatoka yote kwa mpigo, tena kabla hujapata shifti hata moja, na hairudishwi: ukikataliwa imeenda, ukighairi katikati imeenda.

Ya ulinzi na ya baunsa

Hizi mbili ndo zinazochanganya watu. Ya ulinzi wa kawaida kwenye fomu utaiona imeandikwa Security Guarding, watu wanaiita SG. Ya baunsa imeandikwa Door Supervision, ndo hiyo DS unayoisikia kila siku. Ada sawa, muda sawa, kadi zinafanana.

SG inakuruhusu kulinda ofisi, maghala, maeneo ya ujenzi, maduka, hospitali, mapokezi ya majengo. Haikuruhusu kusimama kama mlinzi kwenye baa, klabu, ukumbi wa muziki au tamasha lenye kibali cha kuuza pombe ya kunywea palepale au kibali cha burudani, wakati pako wazi kwa watu. DS inakuruhusu hizo za mlangoni na zote za SG pia. Yaani mwenye DS anaweza kulinda ghala Jumatatu na klabu Ijumaa kwa kadi ileile, mwenye SG akisimama mlangoni kwa klabu anahesabika hana leseni, na kufanya kazi bila leseni inayotakiwa ni kosa la jinai, hukumu yake inaweza kufika miezi 6 jela, si karipio la msimamizi. (Supamaketi inayouza chupa za kwenda nazo nyumbani haihesabiki kama baa, SG inatosha pale, nalisema hili manake kuna watu wanakataa shifti nzuri za supamaketi kwa kuogopa ile rafu ya mvinyo.)

Sasa kama bei ni moja na DS inabeba kazi zote za SG, kwa nini mtu achukue SG? Sababu ziko na nyingine ni za maana kabisa. Kozi ya DS ni ndefu zaidi, na ina sehemu ya vitendo, ile ya kumshika mtu na kumtoa bila kumuumiza na bila na we kuumia, ambayo kwenye kozi ya SG haipo. Kozi ndefu maana yake hela zaidi ya kozi, na siku zaidi bila kipato. Mtu mwenye mgongo mbovu au goti linalosumbua au mama mjamzito anaweza kushindwa ile sehemu ya vitendo, huyo SG ndo yake na asijilaumu. Ila mtu mzima wa afya anayechagua SG kwa sababu tu kozi yake ni rahisi kidogo, mi huwa namwambia asubiri, akusanye tena mwezi mmoja, achukue DS.

Manake angalia hesabu. Umechukua SG, 184. Baada ya mwaka umeona wenzako wanapata shifti za viwanja vya mpira na matamasha na we umebaki na ghala la usiku, unaamua kuchukua DS. Ukiwa bado una haki ya punguzo utalipa 92, jumla 276, na kozi ya pili juu yake. Mwenzako aliyeanza na DS kalipa 184 na kozi moja, na anafanya kazi zote za we mwenye kadi mbili. Ile 92 yako haijakununulia kitu chochote ambacho yeye hana, na hiyo kadi ya SG sasa haikusaidii tena.

Kuna ndugu zetu Waislamu, na wakristo pia wapo, wanaikwepa DS kwa sababu hawataki kusimama penye pombe. Nawaheshimu, dini ya mtu ni mtu mwenyewe. Ila kuwa na DS hakukulazimishi kwenda baa hata siku moja, shifti unachagua we. Na waajiri wengi wa maduka, hospitali na majengo makubwa wanapotangaza kazi za ulinzi wanataja DS kama sharti au kama kipaumbele, hata pasipokuwa na tone la pombe, kwa sababu wanataka mtu aliyefundishwa kukabiliana na vurugu. Kwa hiyo unaweza kuwa na DS miaka yote na usikanyage klabu.

Njia ya kutolipa kabisa nayo ipo, na wengi hawaijui. Ukiajiriwa moja kwa moja na mwenye jengo au mwenye duka, si kupitia kampuni ya ulinzi, kwa kazi ya ulinzi wa kawaida sheria haikudai leseni. Chuo kikuu kinachoajiri walinzi wake chenyewe, jumba la makumbusho, duka kubwa lenye walinzi wa kwake. Kwa mlangoni hiyo haifanyi kazi, baunsa wa baa anatakiwa leseni hata akiwa ameajiriwa na baa yenyewe. Na ukweli waajiri wengi wa moja kwa moja bado wanaomba leseni kwa sera zao wenyewe. Ila kama umepata ofa ya aina hiyo na mshahara ni mzuri, soma mkataba kwanza kabla hujakimbilia kutoa 184 ambayo hakuna aliyekudai.

Ya kamera

Leseni ya kamera, yaani CCTV ya maeneo ya umma, ni ya kukaa chumba cha skrini ukifuatilia watu mitaani, kwenye vituo, kwenye maduka makubwa. DS haiifuniki, hata ya bodigadi haiifuniki, hii inasimama peke yake. Mlinzi wa SG au DS anayetupia jicho skrini za jengo analolinda asiingie mwizi yuko sawa, lakini kama kazi yako ni kutumia kamera kuwafuatilia watu, kuwatambua au kuzuia vurugu, na uko chini ya kampuni ya kandarasi, unatakiwa leseni ya kamera.

Faida yake kwa mtu wa miaka arobaini na kuendelea ni kubwa kuliko tunavyoizungumzia. Unakaa, kuna joto, hakuna wa kukurushia ngumi. Kozi ni fupi. Ubaya ni kwamba nafasi za chumba cha kamera ni chache ukilinganisha na za kusimama, kwa hiyo mtu anayekuja na leseni ya kamera tu, bila SG wala DS, anaweza kukaa muda mrefu akitafuta. Ndo maana naiona kama leseni ya pili. Ya kwanza ikuletee mkate, hii ikuletee nafasi ya kutoka kwenye baridi, na makampuni yanapenda sana mtu mwenye zote mbili kwa sababu anaweza kuhamishwa kutoka sakafuni kwenda chumba cha kamera mwenzake akiugua.

Zilizobaki nazipita haraka. Ya bodigadi inafunika DS na SG zote, ada ileile, lakini kozi yake inahesabiwa kwa wiki na ni ghali, na kazi zenyewe zinapatikana kwa kujuana zaidi kuliko kwa matangazo, usiichukue kwa sababu tu ada yake ni sawa na nyingine. Ya magari ya kubeba fedha iko peke yake kama ya kamera, na mara nyingi mtu anaichukua akishapata kazi kwenye kampuni ya kazi hizo. Ya kufunga minyororo magari yaliyoegeshwa vibaya siku hizi inahusu Ireland ya Kaskazini tu kwa vitendo, manake England na Wales walipiga marufuku kufunga magari kwenye maeneo binafsi toka Oktoba 2012, na ni ya mwaka 1 badala ya 3. Na kama una ndoto ya kufungua kampuni yako au kuwa meneja, kuna leseni ya wasiosimama lindoni, ila ukiwa na DS au SG huhitaji kuinunua, imeshafunikwa. Usikubali mtu akuuzie.

Nusu bei na ile miezi minne

Hapa naomba usome taratibu. SIA wanatoa punguzo la asilimia 50 kwenye leseni ya ziada ya aina nyingine. Masharti yake makubwa ni mawili, leseni ya kwanza uwe umeilipia ada kamili, na siku unayolipia ya pili ile ya kwanza iwe imebakiza angalau miezi 4 kabla ya kuisha. Basi. Hakuna kuponi, hakuna kumjua mtu.

Kwa hiyo DS na kamera kwa pamoja ni 184 na 92, jumla 276. Ukichelewa ni 184 mara mbili, 368. Tofauti ni pauni 92, masaa saba na nusu ya kusimama kwa kile kima cha chini nilichotaja.

Na kuna mtego wa tarehe. SIA wanaruhusu kuomba kuhuisha leseni ikiwa imebakiza miezi 4 kushuka chini, na punguzo linataka miezi 4 kupanda juu. Ina maana siku zinapoingia kwenye kipindi cha kuhuisha, leseni hiyo haikupi tena punguzo. Mtu anapata barua pepe ya kukumbushwa kuhuisha, anasema basi acha nichukue na ile ya kamera kwanza ndo nihuishe, anaomba ya kamera akijua ni 92, mfumo unamwonyesha 184 na anadhani kompyuta imekosea. Haijakosea, ndo kanuni ilivyo. Anachotakiwa kufanya ni kugeuza mpangilio: ahuishe ya zamani kwanza kwa ada kamili, ikishatoka ana miaka 3 mipya mbele, ndo aombe ya pili kwa nusu.

Ukihuisha mapema hupotezi siku, zile zilizobaki kwenye leseni ya zamani wanakuongezea kwenye mpya. Kwa hiyo hakuna sababu ya kungoja mpaka wiki ya mwisho, na kungoja kuna hatari yake manake leseni ikiisha ukiwa unasubiri mpya, kwa kawaida unakaa nyumbani bila kazi mpaka itoke, na kampuni haitakulipa kwa kukaa.

Ushauri wangu kwa anayejua toka mwanzo kwamba anataka mbili: chukua DS kwanza, fanya kazi miezi kadhaa, weka hela ya kozi ya kamera pembeni, omba ya kamera ndani ya mwaka wa kwanza au wa pili. Usiombe zote wiki moja kama hela ni ya kuunga, hakuna faida ya haraka hiyo, punguzo linakungoja.

Nani alipe

Kuna njia tatu, kulipa mwenyewe, kulipiwa na kampuni, au kusaidiwa na Jobcentre, ofisi ya serikali ya wanaotafuta kazi.

Kulipiwa na kampuni kunasikika vizuri na mara nyingi ni kuzuri. Ila soma mkataba. Makampuni mengi yanaweka kipengele kwamba ukiondoka kabla ya muda fulani unarudisha hela ya leseni na ya kozi, na watu wanasaini bila kukisoma wakiwa na furaha ya kupata kazi, af wanakuja kukatwa kwenye mshahara wa mwisho. Kisheria mwajiri hawezi kukukata hela ya hivo bila we kukubali kwa maandishi, na makato ya vitu vya kazi yakishusha malipo yako chini ya kima cha chini kuna tatizo upande wake. Kwa hiyo kabla ya kusaini uliza mambo mawili, nikiondoka narudisha kiasi gani, na deni linapungua kila mwezi au linabaki zima mpaka siku ya mwisho. Mkataba wenye deni linalopungua ni wa kiungwana. Mkataba unaokudai 184 nzima na kozi nzima hata ukiwa umefanya miezi kumi na moja, mi nisingeusaini kama nina njia nyingine, ni bora kukopa kwa ndugu.

Na hata kampuni ikilipa, leseni ni ya kwako kwa jina lako. Ukihama unahama nayo. Asikudanganye meneja yeyote kwamba kadi ni mali ya kampuni akaifungia kwenye droo.

Jobcentre wanasahaulika sana. Ukiwa unapokea Universal Credit, ile hela ya serikali ya kuwasaidia wenye kipato kidogo, muulize mshauri wako wa kazi kama anaweza kulipia kozi na leseni. Kuna mfuko wao wa kusaidia mtu kuingia kazini na kuna kozi za sekyuriti zinazoendeshwa kwa ushirikiano na waajiri, na uamuzi mara nyingi uko kwa huyo mshauri, kwa hiyo ukienda na tangazo la kazi mkononi au barua ya mwajiri anayesema atakuchukua ukipata leseni, una nafasi nzuri kuliko ukienda mikono mitupu. Ila kama visa yako imeandikwa huruhusiwi kupata misaada ya umma, njia hii si yako, usiiguse, inaweza kukuharibia makaratasi.

Kulipa mwenyewe kuna uhuru, hakuna wa kukudai, na kunakupa jambo moja ambalo aliyelipiwa halipati, nalo ni kodi.

Kurudishiwa kodi

Ukilipa ada ya SIA kwa hela yako mwenyewe na mwajiri hajakurudishia, unaweza kudai punguzo la kodi HMRC, yaani watu wa kodi. Wengi wanaisikia hii wanadhani watarudishiwa 184 yote. Hapana, unarudishiwa kodi uliyokatwa juu ya hiyo 184. Kwa anayekatwa asilimia 20 ni pauni 36.80, kwa hiyo leseni imekugharimu 147.20. Mwenye DS na kamera kwa 276 anapata 55.20, imemgharimu 220.80. Scotland viwango vya kodi ni tofauti kidogo, itacheza hapohapo.

Aliyeajiriwa anadai kwa fomu inayoitwa P87, onlaini au kwa posta, na siku hizi HMRC wanataka ushahidi, kwa hiyo ile barua pepe ya malipo ya SIA usiifute, ihifadhi kama risiti. Aliyejiajiri anaiweka kwenye gharama za biashara anapojaza ritani ya mwaka. Unaweza kurudi nyuma miaka 4, kwa hiyo hata uliyelipa leseni iliyopita na hukudai, angalia tarehe, huenda hela yako bado iko kule. Na usimpe wakala asilimia kubwa ya hiyo 36 kukujazia fomu, ni fomu ya kujaza mwenyewe jioni moja.

Lakini ili urudishiwe kodi lazima uwe umelipa kodi. Mwanafunzi anayefanya masaa machache na mwaka mzima hajafikisha pauni 12,570 hajakatwa kodi, hana cha kurudishiwa. Kwake yeye kulipiwa na kampuni, kama mkataba ni wa kiungwana, kunaweza kuwa bora kuliko kulipa mwenyewe.

Na hapohapo kwa wanafunzi: kazi za mlangoni nyingi zinatolewa kwa mtindo wa kujiajiri, unaambiwa utatuma ankara na kodi utajua mwenyewe. Visa ya mwanafunzi hairuhusu kujiajiri. Hata kama una DS safi kabisa, ukifanya shifti za namna hiyo unavunja masharti ya visa. Kwa hiyo unapolinganisha ofa ya pauni 15 kwa saa ya kujiajiri na ya pauni 12 na kitu ya mkataba wa kuajiriwa, kwa mwanafunzi ile ya 15 haipo kwenye mizani. Chukua ya kuajiriwa na ubaki ndani ya masaa yako.

Gharama zinazokaa nje ya ile 184

Ada ya SIA inalipia maombi na ukaguzi wa rekodi yako ya jinai Uingereza. Kozi haimo. Huduma ya kwanza haimo, na toka Aprili 2021 anayetaka kozi ya SG au DS lazima awe na cheti cha huduma ya kwanza kwanza, kwa hiyo unapolinganisha vyuo uliza kama bei waliyokutajia ina huduma ya kwanza na mtihani ndani, manake kuna wanaotangaza bei ya chini halafu ukifika vitu vinaanza kuongezeka kimoja kimoja. Na chuo kinachokuahidi DS kwa siku moja au mbili kikimbie, kozi hiyo haiishi kwa siku mbili, na cheti cha ujanja kikigundulika leseni yako ndo inayoondoka.

Kwa sisi tuliotoka nje kuna cheti cha polisi. Kama katika miaka 5 iliyopita umeishi nje ya Uingereza miezi 6 mfululizo au zaidi, SIA wanataka ushahidi wa rekodi yako ya jinai kutoka nchi hiyo. Kwa Mkenya ni kile cheti cha tabia njema, Mtanzania naye anakipata polisi. Ukiwa bado hujasafiri kitafute ukiwa nyumbani, kukifuatilia ukiwa Uingereza ni kupiga simu, kutuma alama za vidole na kungoja. Na hata aliyeishi Uingereza miaka mingi akirudi nyumbani kukaa miezi saba kuuguza mzazi, hilo swali linamrudia.

Aliyewahi kuhukumiwa kosa lolote, popote, asome vigezo vya SIA vya makosa ya jinai kabla ya kulipa na hata kabla ya kulipia kozi. Kuna makosa ya zamani yasiyozuia leseni na kuna yanayozuia kwa miaka. Na usifiche, kuficha kunakuharibia kuliko kosa lenyewe.

Halafu kuhuisha. Ada ya kuhuisha ni sawa na ya mwanzo, hakuna bei ya mteja wa zamani. Na toka tarehe 1 Aprili 2025 mwenye SG au DS lazima afanye kozi fupi ya kujikumbusha kabla ya kuhuisha, na awe na cheti cha huduma ya kwanza ambacho hakijaisha. Kwa hiyo mwaka wa tatu usiweke 184 tu pembeni, weka na ya kozi. Hii nayo ni sababu nyingine ya kutobeba SG na DS kwa pamoja, ukifika muda wa kuhuisha acha SG ife taratibu, huisha DS peke yake.

Nani achukue ipi

Kijana mwenye afya, hana visa ya masharti magumu, anataka masaa mengi: DS, alipe mwenyewe, adai kodi mwaka wa kodi ukiisha. Ndani ya miaka miwili aongeze kamera kwa 92 kama anajiona hatataka kusimama maisha yote.

Mwanafunzi: DS kama ana nguvu ya kozi, atafute kampuni inayoajiri kwa mkataba wa kawaida na asome kile kipengele cha kurudisha hela.

Mama au baba asiyeweza ile sehemu ya kushikana: SG, na kamera kwa nusu bei haraka iwezekanavyo, huo ni mchanganyiko mzuri kuliko watu wanavyodhani, 276 kwa miaka mitatu na kazi za kukaa ndani.

Aliyepata kazi ya moja kwa moja chuo kikuu au makumbusho na hawajamdai leseni: asilipe chochote kwanza, afanye kazi, hela ya DS aiweke akiba siku akitaka kuhama.

Na wewe ambaye leseni yako imebakiza miezi mitano na umekuwa ukifikiria ya kamera toka mwaka jana, kama cheti cha kozi ya kamera unacho tayari ingia kwenye akaunti yako ya SIA wiki hii, omba, lipa hiyo 92 kabla mwezi haujakatika. Kama kozi bado hujafanya usikimbizane na tarehe, ngoja dirisha la kuhuisha lifunguke, huisha kwanza, nusu bei utaikuta baada ya hapo.